Tusimpime Mtu kwa Sura

Sisi wa Likasi tunayajua mawe. Karibu na mji wetu, ambao mpaka 1966 uliitwa Jadotville, upo mgodi wa Shinkolobwe. Katika mwaka 1915 yalionekana huko mawe yenye urani. Siku zile kilichotafutwa katika mawe hayo ni radiamu. Urani yenyewe ilihesabiwa kitu cha thamani ndogo. Vita Kuu ya Pili ilipofika, mataifa makubwa yakayatamani mawe yale yale. Mawe hayakubadilika, watu ndio waliobadilika.

Ikiwa twakosea hivi juu ya jiwe, je, juu ya mtu hatutakosea zaidi? Hata nabii Samweli, alipofika nyumbani kwa Yese, alidhani mwana wa kwanza ndiye mfalme, kwa sababu ya umbo na kimo chake. Lakini Mungu alimchagua Daudi, aliyeachwa malishoni pamoja na kondoo.

Kosa hilo lilifanyika Katanga pia. Katika enzi ya Wabelgiji, wengi walimhesabu mfanyakazi wa mgodi kuwa mikono ya kazi tu. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba miaka ya kwanza alikaa kati ya watu kama bwana: yeye wa kusema, wao wa kusikia. Kisha akaanza kuwauliza wanatamani nini moyoni. Akatambua kwamba wanatamani uzima, uzazi na mapendo. Tena kwamba yeye pia anatamani hayo hayo. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya fikra za Wabantu kilitolewa kwa Kifaransa mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo.

Katika miaka ya 1950, upande wa Kolwezi, wafanyakazi wa migodi na wake zao walianza pamoja naye umoja wa Jamaa, ukaenea hata Likasi. Humo mume, mke na padri walikutana kama watu wa nyumba moja, wakiitana baba na mama. Baadaye, katika miaka ya 1970, maaskofu walikaripia makosa ya baadhi ya vikundi. Lakini fundisho lile la kwanza lingali jema: humjui mtu usipokutana naye.

Basi, ndugu, tujiulize. Kijana mchimbaji akiingia kanisani, nguo zake zina vumbi la mgodi, je, twamsogezea nafasi, au twashika mifuko yetu? Mama anayetuuzia makaa, twajua jina lake, au twajua bei tu?

Watu wa Yeriko walimwona Zakayo kuwa mtoza ushuru tu; Bwana Yesu alimwita kwa jina, akaenda kukaa nyumbani kwake. Nasi tuanze hapo: tumwulize jirani jina lake, na habari za watu wa nyumbani kwake.