Gemu la kupanda mlima kutafuta mtandao

Claire ni ndege. Amekuja kukaa kwa Shangazi May, askari wa hifadhi katika kisiwa chenye misitu na mlima mmoja mrefu, na kuna simu anayoisubiri kwa wasiwasi. Tatizo ni kwamba simu yake haishiki mtandao. Shangazi anamwambia mtandao unapatikana kileleni tu. Basi Claire anashika njia. Kisa cha gemu lote la *A Short Hike* ni hicho: mtu anapanda mlima ili simu ishike.

Ukimsimulia hivyo mkazi wa Sale, sidhani kama ataona kuna ubunifu wa ajabu hapo. Sale ni moja ya tarafa tatu za Wilaya ya Ngorongoro, nchi ya vilima na mabonde kati ya Loliondo na Ziwa Natron. Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wanalima huko kwa mifereji ya asili, na majirani zao Wamasai wanachunga. Watanzania wengi waliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2011, maelfu walipofurika kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha dawa cha Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Katika nchi yenye miinuko ya namna hiyo simu inahitaji miguu. "Ngoja nipande kidogo, nitakupigia" ni maneno ya kawaida, na aliyeyasema anaweza kukutana na mbuzi wa watu, na mzee mwenye habari ndefu, na mtoto anayetaka kusindikizwa, kabla hajafika panaposhika.

Claire naye ni hivyo hivyo. Njiani anamkuta mtoto anayejenga ngome ya mchanga na hana koleo la maana. Anakuta watu wanaocheza mchezo wa mpira na fimbo ufukweni, waliojitungia wenyewe. Kuna mchoraji asiyejua achore nini, na kuna mvuvi. Hakuna anayemlazimisha kusimama. Anaokota manyoya ya dhahabu, na kila unyoya unamwongezea pumzi ya kuruka mara moja zaidi au kukwea jabali refu zaidi. Karibu na kilele baridi inayagandisha manyoya, hapo ndipo mchezaji anapoona alikuwa na sababu ya kuzurura kule chini kwanza. Simu inapoita, ni mama yake: alikuwa hospitali, amefanyiwa upasuaji, na hakutaka kumtia mtoto hofu mapema. Kisha Claire anaruka kutoka juu, anatandaza mabawa na kuelea hadi nyumbani kwa shangazi. Kwa asiyezurura sana ni saa moja na nusu hivi.

Lilitengenezwa Kanada na Adam Robinson-Yu, kwa miezi michache, wakati ameliweka kando gemu jingine kubwa lililokuwa limemchosha. Muziki ni wa Mark Sparling, na unabadilika kadiri Claire anavyosogea kutoka ufukweni kwenda thelujini. Lilianza kuuzwa kwa kila mtu tarehe 30 Julai 2019. Mwaka uliofuata likachukua tuzo kuu ya tamasha la magemu huru la IGF, pamoja na ile ya chaguo la watazamaji. Picha zake zina vidoti vikubwa, kama za mashine ya zamani. Halina adui, halina kifo, halina saa inayohesabu.

Hilo la saa ndilo la kushangaza kuliko yote, maana magemu ya kuruka-ruka yalizaliwa na saa mgongoni. *Donkey Kong* la mwaka 1981, ambamo fundi mmoja anapanda ngazi na vyuma huku sokwe akimtupia mapipa, lilifungwa ndani ya kabati lenye tundu la sarafu. Mwenye kabati alipata faida ukifa. Ukiishi muda mrefu kwa sarafu moja, umemkalia biashara. Kwa hiyo muda haukuwa wa mchezaji hata kidogo; alikuwa anaukodi, na mashine ilitengenezwa ili imnyang'anye haraka.

Ajabu ni kwamba sarafu ilipoondoka, saa ilibaki. *Pitfall!* la David Crane, mwaka 1982, lilichezwa nyumbani kwenye televisheni, na mtu alikuwa ameshalilipia lote dukani. Hata hivyo alipewa dakika 20 tu za kutafuta hazina 32 ndani ya msitu wa skrini 255, msitu wenye mamba na nge uliobuniwa na mtu ambaye, kwa maoni yangu, aliujua msitu kupitia sinema. Miaka mitatu baadaye *Super Mario Bros.* likaanza na roho tatu na namba 400 inayoshuka juu ya skrini. Mtengenezaji wake, Shigeru Miyamoto, ndiye yule wa *Donkey Kong*. Alikulia Sonobe, karibu na Kyoto, na amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akitembea peke yake mashambani na milimani akiwa mtoto, mpaka akaingia pangoni na taa. Matembezi hayo aliyatia zaidi katika gemu lake jingine, *Zelda*. Mario yeye aliambiwa akimbie.

Wakati dunia inamkimbiza Mario, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Bara ilisubiri hadi 1994. Gemu la televisheni bila televisheni halina pa kukaa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya historia yetu kuanza nyuma ya wenzetu kwa zaidi ya miaka kumi. Televisheni zilipoenea mijini, nyuma yake zikaja mashine za bei nafuu kutoka Asia, nakala za ile ya Nintendo, na kaseti za rangi zilizoandikwa kwamba ndani kuna magemu mamia. Ukiyapitia unakuta ni machache yaleyale yanajirudia kwa majina mengine. Mario alikuwemo karibu kila kaseti.

Halafu vibanda vya gemu vikashika miji, na kibanda kikarudisha ile biashara ya sarafu kwa sura nyingine. Chumba kimoja, televisheni mbili tatu, pedi zenye waya uliofungwa kwa selotepu, benchi la mbao, na kijana mmoja anayekusanya hela. Unalipia kwa mechi. Mpira ulitawala kwa sababu hiyo: mechi ina mwanzo na mwisho, aliyefungwa anaachia pedi, anayefuata anakaa. Mwenye kibanda angefanya nini na gemu ambalo mteja anazunguka kisiwani akiokota makombe ya baharini? Benchi zima lingemfukuza. Mchezo wa kutembeatembea haukukosa wapenzi vibandani. Ulikosa namna ya kulipiwa.

Uliponea kwenye simu. Vodacom ilianza huduma nchini mwaka 2000, bei za simu zikashuka mwaka hadi mwaka, na Nokia ikaingia mfukoni mwa mtu ambaye hakuwahi kushika pedi. Wote wanalikumbuka gemu la nyoka. Mimi nadhani lililostahili kukumbukwa zaidi ni *Bounce*, lile la mpira mwekundu. Mpira unadunda, unapita ndani ya pete, pete zikitimia mlango unafunguka. Kuna sehemu za kuujaza upepo ukawa mkubwa na sehemu za kuupunguza. Mkubwa unaelea majini na hauwezi kuzama hata ukitaka. Mdogo unazama moja kwa moja na kupita kwenye matundu ya chini. Mchezaji aliyekwama chumba cha maji alilazimika kurudi nyuma, atafute pa kupunguzia upepo, ndipo aingie tena. Hakuna aliyemkimbiza. Miiba ilikuwepo, na roho zilihesabiwa, lakini hapakuwa na foleni nyuma ya mgongo. Viwango 11 vilitosha kwa safari moja ya basi la Arusha, au kwa alasiri nzima ya kuchunga, na betri ikabaki.

Simu ile haikuwa na tangazo la kukatiza mchezo wala haikuomba bando. Nalisema hili kwa sababu magemu mengi ya bure ya simu za leo yameirudisha saa kwa mwenye kabati. Ruka mara tatu, tazama tangazo la sekunde 30. Nguvu zimekwisha, subiri au lipa. Kwa mtu anayechaji kwa paneli ya jua na kununua bando kwa siku, kila tangazo linakula vitu viwili kwa mpigo. Kijana wa Digodigo, huko Sale, mwenye simu janja analipa zaidi kwa muda wake kuliko alivyolipa kaka yake mwenye Nokia, ingawa gemu linaitwa la bure.

Kwa Kiswahili, jaribio kubwa limetoka ughaibuni. Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya aliyeigiza sauti ya mhusika mkuu, Bayek, katika *Assassin's Creed Origins* mwaka 2017, alifiwa na baba yake, na huzuni hiyo akaigeuza gemu. *Tales of Kenzera: ZAU* lilitoka tarehe 23 Aprili 2024 kupitia kampuni ya EA, likiwa na sauti za Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mganga kijana, Zau, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe baba yake. Ni gemu la kuruka na kupigana, refu mara kadhaa kuliko la Claire, na mapigano yake yanajirudia kuliko inavyohitajika. Penye uzito wake ni chini ya mbuyu. Zau anaketi, anatulia, anazungumza kuhusu baba yake, na akiinuka afya yake imeongezeka. Sijaona gemu jingine linalompa mchezaji nguvu kwa kuketi chini ya mbuyu akaongea habari za msiba kwa Kiswahili. Lilipata tuzo ya BAFTA mwaka 2025 katika kundi la magemu yanayovuka burudani. Mauzo hayakuwa ya kishindo. Mwaka huohuo wa 2024 studio ya Salim, Surgent, ilipunguza wafanyakazi.

Kati ya magemu haya mawili, la Zau lina lugha yetu na la Claire lina ukubwa unaotufaa. Lakini *A Short Hike* liko kwenye kompyuta na mashine za Switch, PlayStation na Xbox, na ZAU vilevile ni la mashine hizo. Mwenye simu janja Samunge, hata akipata mtandao mzuri, amepishana nayo.

Na mtandao unakuja. Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kabla ya hapo, Desemba 2022, kampuni ya simu ya TTCL ilikuwa imefikisha intaneti ya kasi hadi kileleni Kilimanjaro, hivyo mpanda mlima aliye juu kabisa Tanzania anaweza kutuma picha papo hapo. Jirani na Sale, upande wa Natron, kuna mlima Oldoinyo Lengai wenye mita 2,962, unaopandwa usiku wa manane ili jua lichomoze mtu akiwa ukingoni mwa kasoko. Mtu mmoja mwenye kompyuta angeweza kuutengenezea gemu mlima huo kwa miezi michache kama alivyofanya Robinson-Yu, pamoja na mifereji ya Wabatemi chini yake, mzee mwenye habari ndefu, na mbuzi waliopotea. Sharti liwe dogo la kuingia kwenye simu ya kawaida, lichezwe bila bando, na mtoto wa Sale aweze kulimaliza kabla chaji haijaisha.