Tumbaku ya Mashariki kwenye Kiko: Ladha Yake, Aina Zake na Majina Yaliyovuka Mipaka

Mkulima wa Urambo au Namtumbo akionyeshwa jani la tumbaku ya Mashariki kwa mara ya kwanza, huenda akadhani limechumwa kabla ya wakati wake. Ni dogo, la aina nyingine halizidi kiganja cha mkono. Hata hivyo jani hilo ndilo linalotafutwa na watengenezaji wa tumbaku ya kiko wanapotaka harufu ambayo jani kubwa haliwezi kuitoa. Katika makala hii tunaeleza tumbaku hiyo ni ipi, ladha yake inatoka wapi, inafanya kazi gani ndani ya mchanganyiko, na kwa nini jina lililoandikwa kwenye kopo linahitaji kusomwa kwa makini.

Tumbaku ya Mashariki ni ipi?

Neno "Mashariki" hapa halimaanishi China wala India. Ni jina la kibiashara la tumbaku zinazolimwa mashariki ya Bahari ya Kati na katika nchi za Balkani: Uturuki, Ugiriki, Bulgaria, Makedonia Kaskazini na majirani zao. Zamani sehemu kubwa ya maeneo hayo ilikuwa chini ya Milki ya Osmani, ndiyo maana wafanyabiashara wengi waliiita, na bado wanaiita, tumbaku ya Kituruki.

Wasomaji wetu wanazifahamu tumbaku tatu za kanda yetu: tumbaku ya mvuke inayokaushwa kwenye mabani yenye joto, tumbaku ya hewa inayoning'inizwa kivulini, na tumbaku ya moshi inayokaushwa juu ya moto wa kuni. Tumbaku ya Mashariki haimo katika makundi hayo matatu. Yenyewe hukaushwa kwa jua.

Kilimo na ukaushaji

Kwa kawaida zao hili hupandwa kwenye ardhi ya mawe isiyo na rutuba nyingi, mara nyingi kwenye miteremko, kwa mbolea kidogo na maji kidogo. Miche hubanana sana. Hekta moja inaweza kubeba zaidi ya miche 100,000, wakati hekta ya tumbaku ya mvuke hubeba takriban 15,000 hadi 20,000. Aghalabu maua hayakatwi kama inavyofanyika kwetu. Matokeo yake mmea hautanuki: majani hubaki madogo na mazito kwa utomvu.

Uchumaji hufanywa kwa mkono, jani moja moja, kuanzia chini kwenda juu, na mkulima hurudi kwenye mche huo huo mara kadhaa kadiri majani yanavyoiva. Kazi huanza alfajiri kabla jua halijakolea. Kwa desturi majani hutungwa kwenye uzi kwa sindano, kisha huanikwa juani hadi yakauke. Baadaye hufungwa kwenye marobota, huchambuliwa kwa madaraja, na huhifadhiwa kwa muda mrefu ili yachachuke polepole na ukali upungue.

Kwa hiyo mkulima wa tumbaku hii hupata kilo chache kwa hekta kwa kazi nyingi sana ya mikono. Kinachomlipa ni harufu, si uzito.

Ladha inatoka wapi?

Juu ya jani la tumbaku kuna vinyweleo vidogo vinavyotoa utomvu wenye kunata. Utomvu huo una mafuta yanayonukia pamoja na kemikali ambazo, jani linapozeeka na kuungua, hutoa asidi nyepesi zenye harufu kali. Jani la Mashariki lina utomvu mwingi ukilinganisha na ukubwa wake. Ukame na ardhi kavu huuongeza. Maji na mbolea nyingi huupunguza. Ndiyo maana mbegu ile ile ikipandwa kwenye bonde lenye rutuba hutoa majani makubwa ya kupendeza macho, lakini harufu hupotea.

Wavutaji huieleza harufu hiyo kwa maneno mengi: ubani, mbao ya mwerezi, ngozi iliyotengenezwa vizuri, majani makavu ya porini, majani ya chai. Wengi hutaja pia uchachu unaokumbusha mtindi au jibini. Mtu asiyeuzoea anaweza kudhani tumbaku imeharibika, kumbe huo ndio uhai wake. Nikotini yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya tumbaku ya mvuke au ya hewa. Moshi wake hauna nguvu kubwa kifuani, lakini una mengi puani.

Aina kuu

Basma hulimwa kaskazini mashariki mwa Ugiriki, hasa maeneo ya Xanthi, Drama na Kavala, na pia ng'ambo ya mpaka Bulgaria. Jani lake ni dogo sana. Inasifiwa kwa harufu nyororo yenye utamu, na wengi huiweka mbele ya nyingine zote.

Izmir hutoka pwani ya Bahari ya Aegean nchini Uturuki. Ni laini, ina utamu kidogo na uchachu mwepesi. Kwenye makopo mengi huitwa Smyrna, jina la zamani la mji huo.

Samsun hutoka pwani ya Bahari Nyeusi, Uturuki. Imeshiba zaidi kuliko Izmir na harufu yake hukaa muda mrefu.

Katerini hulimwa Ugiriki, karibu na mlima Olympus. Mbegu yake ni ya ukoo wa Samsun, ila ardhi na hali ya hewa vimeipa tabia yake yenyewe.

Prilep hubeba jina la mji wa Makedonia Kaskazini. Ina viungo na uchachu unaosikika wazi.

Kazi yake ndani ya mchanganyiko

Ni wachache wanaovuta tumbaku ya Mashariki peke yake. Kazi yake ni kama ya iliki na mdalasini kwenye pilau: si chakula chenyewe, lakini bila hivyo hakuna pilau. Wali wa mchanganyiko mara nyingi ni tumbaku ya mvuke, ambayo huleta sukari na utamu. Jani la Mashariki huukata utamu huo usichoshe ulimi, huongeza harufu, na husaidia tumbaku kuungua vizuri.

Kuna michanganyiko ya aina mbili inayotajwa zaidi. Ule unaoitwa wa Kiingereza huunganisha tumbaku ya mvuke, ya Mashariki na Latakia. Ule unaoitwa wa Balkani hutumia viungo hivyo hivyo, ila kiasi cha tumbaku ya Mashariki huwa kikubwa zaidi na husikika mbele. Hakuna sheria inayoweka asilimia. Kila kiwanda kina kipimo chake, na mara nyingi ni siri.

Latakia yenyewe huwachanganya wanunuzi. Asili yake ni jani la Mashariki, lakini baada ya kukauka hufukizwa kwa moshi wa kuni na vichaka vinavyonukia, kama mihadasi, misonobari na mialoni, hadi linakuwa jeusi. Harufu yake ni ya moshi na ubani mzito, na kiasi kidogo tu kinatosha kufunika vingine vyote. Anayetaka kuijua tumbaku ya Mashariki kwa sura yake aanze na mchanganyiko usio na Latakia, au wenye Latakia kidogo sana.

Majina yaliyobaki, mipaka iliyohama

Majina mengi ya biashara hii ni majina ya mahali: mji, wilaya au bandari ambako marobota yalipakiwa. Lakini karne ya 20 ilihamisha mipaka na watu.

Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana raia kwa misingi ya dini. Zaidi ya watu milioni moja waling'olewa makwao. Wakristo wa Anatolia walipelekwa Ugiriki, na wengi wakapewa makazi Makedonia ya Ugiriki. Waislamu wa huko, wakiwamo wakulima wa tumbaku, walipelekwa Uturuki. Waislamu wa Thrace Magharibi, eneo la Xanthi, waliachwa wabaki, na hadi leo miongoni mwao wamo wakulima wa Basma. Ufundi wa kutunga majani ulivuka mpaka mabegani mwa wakimbizi.

Mfano mwingine ni Yenidje, mji mdogo karibu na Xanthi ambao leo uko Ugiriki na unaitwa Genisea. Jina lake lilikuwa na thamani kiasi kwamba mjini Dresden, Ujerumani, kiwanda cha sigara kilichokamilika mwaka 1909 kwa umbo la msikiti kiliitwa Yenidze. Jengo bado lipo, ingawa haliviringishi sigara tena.

Latakia nayo ni jina la bandari ya Syria. Hata hivyo kwa miongo mingi Latakia iliyouzwa zaidi madukani ilitambulishwa kama ya Kupro, na harufu yake si sawa na ya Syria. Wavutaji wa siku nyingi huiona ya Syria kuwa nyororo zaidi, ya Kupro kuwa nzito zaidi.

Funzo kwa mnunuzi ni hili: jina kwenye kopo linaweza kumaanisha mahali jani lilipolimwa, ukoo wa mbegu, au kumbukumbu tu ya ladha. Ni vyema kuuliza ni lipi kati ya hayo.

Soko na mkulima

Wavuta kiko ni sehemu ndogo ya soko. Mnunuzi mkubwa wa jani la Mashariki ni viwanda vya sigara. Sigara ya mchanganyiko wa Kimarekani, iliyopata umaarufu baada ya Camel kuanza kuuzwa mwaka 1913, huunganisha tumbaku ya mvuke, ya hewa na ya Mashariki. Hapo ndipo kanda yetu inapokutana na Balkani: tumbaku ya mvuke kama ya Tabora na tumbaku ya hewa kama ya Malawi huweza kuishia kwenye sigara moja na jani la Izmir au Prilep.

Nchini Uturuki, sheria ya mwaka 2002 iliondoa ununuzi wa serikali na kuleta kilimo cha mkataba. Idadi ya wakulima ikashuka sana. Ugiriki, kuanzia mwaka 2006, ilitenganisha kabisa ruzuku ya Umoja wa Ulaya na uzalishaji wa tumbaku. Wakulima wengi waliacha zao hilo, na tumbaku ya mvuke ya nchi hiyo ikakaribia kutoweka. Basma na Katerini zilibaki, kwa sababu wanunuzi waliendelea kuzitafuta bila ruzuku. Jani ambalo lingeweza kulimwa popote lilikosa mtetezi. Jani lililofungamana na mteremko wake lilipata mnunuzi.

Hata hivyo ubora si kinga ya kila kitu. Vijana wa vijiji hivyo wanahamia mijini, na kuchuma jani moja moja alfajiri si kazi inayowavuta wengi. Kampuni ya McClelland ya Marekani, iliyokuwa na mfululizo wa michanganyiko ya kuonyesha aina moja moja za Mashariki, ilifunga kazi mwaka 2018.

Tahadhari ya afya

Nikotini kidogo na harufu nzuri havifanyi tumbaku hii kuwa salama. Kuvuta kiko husababisha saratani ya mdomo, koo na mapafu, hata kwa asiyeumeza moshi. Mchumaji naye ana hatari yake: nikotini hupenya kwenye ngozi kutoka majani yenye umande na kuleta kizunguzungu na kutapika, hivyo glovu na nguo za mikono mirefu ni za lazima. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, unazitaka nchi wanachama kuwasaidia wakulima kupata shughuli mbadala zenye faida.

Kwa anayefanya biashara ya jani hili, basi, maswali ya kuuliza ni manne: limelimwa wapi, ni mbegu gani, ni la msimu upi, na limechanganywa na nini. Muuzaji anayelijua jani lake atayajibu yote. Anayejibu kwa jina la mji peke yake, mwombe akufungulie robota unuse kwanza.