Kifungu Kilichozaliwa Swichibodini

Mwaka 1935 Mwingereza aliyetaka kumpigia simu mtu wa mji mwingine aliinua mkono wa simu, akasubiri, na sauti ya mwanamke ikamwuliza anataka namba gani. Mwanamke huyo aliketi mbele ya ubao wenye vitundu chungu nzima, kifaa cha kusikilizia kimembana kichwa, mkononi ana waya wa kuchomeka na kuchomoa. Hakuwa na uwezo wa kuchagua aongee na nani. Taa ikiwaka, sharti aitike. Na walikuwapo waliopiga kwa sababu hiyo hiyo: walijua upande wa pili yupo msichana anayelipwa ili asikate.

Mwaka huo Bunge la Uingereza lilirekebisha Sheria ya Posta, na kifungu cha 10 kikaweka kosa jipya la kutuma kwa simu ujumbe wenye kuchukiza mno, au wa aibu, au mchafu, au wa kutisha. Wanasheria wa huko husimulia hadi leo kwamba waliokusudiwa kukingwa ni wasichana wa swichibodi. Huenda. Lakini ukiyasoma maneno yenyewe, msichana humwoni. Unauona ujumbe, na ubaya wa ujumbe. Nani aliusikia, mara ngapi, alilalaje usiku ule, alirudi kazini kesho yake kwa moyo gani, hayo sheria haikuyauliza.

Maneno ya sheria hurithiwa kama vyungu vya bibi. Hakuna anayeuliza kwa nini mdomo wake ni mpana, watu hupikia tu. Maneno ya 1935 yakaingizwa katika sheria ya 1953, kisha ya 1969, kisha ya 1984, na mwaka 2003 yakatua katika Sheria ya Mawasiliano ya Uingereza, kifungu cha 127. Mwaka 2006 kesi moja iliyoyahusu ikafika kwa majaji wa juu kabisa wa nchi hiyo. Mzee mmoja alikuwa akipiga simu katika ofisi ya mbunge wake na kuacha matusi ya kibaguzi. Lord Bingham, katika hukumu yake, alikifuatilia kifungu hicho nyuma hadi 1935, kisha akaeleza kazi yake: shabaha si kumkinga anayepokea ujumbe asioutaka, shabaha ni kuzuia huduma ya umma isipitishe mambo yanayovunja staha ya jamii. Kosa hutimia ujumbe unapotumwa, hata kama hakuna aliyeusikia. Kwa ufupi, sheria ililinda usafi wa waya.

Nimeanza mbali hivi kwa sababu chungu hicho kilifika kwetu.

Kenya ilipotunga Sheria ya Mawasiliano mwaka 1998, Shirika la Posta na Simu lilikuwa linakaribia kuvunjwa vipande na simu ya mkononi ilikuwa mali ya matajiri. Kifungu cha 29 kikaandikwa karibu neno kwa neno kama cha London: anayetuma kwa mtambo wa simu wenye leseni ujumbe wenye kuchukiza mno, wa aibu, mchafu au wa kutisha, au ujumbe anaojua ni wa uongo ili kumuudhi mtu, atatozwa faini isiyozidi shilingi 50,000 au atafungwa muda usiozidi miezi 3, au vyote viwili. Baadaye simu zikaingia kila mfuko, na Facebook ikaingia ndani ya simu.

Aprili 2015 kijana mtengenezaji wa tovuti, Geoffrey Andare, alishtakiwa kwa kifungu hicho. Alikuwa amemwandika mtu mmoja katika Facebook akimshutumu kwamba analala na mabinti wanyonge ndipo awape nafasi ya kusoma. Kama alisema kweli au alizusha, mimi si hakimu. Lakini tazama kilichotokea: kifungu ambacho asili yake inasimuliwa kuwa ni kulinda wasichana dhidi ya sauti chafu za wanaume, siku kilipofika mahakamani Nairobi kilikuwa kimemshika mtu aliyepiga kelele kuhusu mabinti.

Tarehe 19 Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikifuta. Aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: mwananchi atajuaje ni neno gani "linachukiza mno", na nani wa kupima? Sheria haikufafanua hata neno moja. Kifungu chenye ukungu namna hiyo hakiwezi kumfunga mtu chini ya Katiba ya 2010. Naamini jaji alikuwa sahihi, na walioshangilia walikuwa na haki ya kushangilia. Ila siku ile Kenya haikuweka kingine mahali pake, na mwanamke anayetumiwa vitisho kila usiku alibaki na Kanuni ya Adhabu iliyotungwa zama za ukoloni.

Aliyekuwa na wakili aliweza kupita mlango wa pembeni. Desemba mwaka huo huo Jaji John Mativo aliamua kesi ya mrembo aliyekuwa amevikwa taji la Miss World Kenya 2016, kisha akavuliwa baada ya picha zake za faragha kuvuja. Jaji alitumia Ibara ya 31 ya Katiba inayolinda faragha, akamwamuru mpenzi wake wa zamani amlipe shilingi 1,000,000. Hukumu nzuri, na hadi leo mawakili huitaja. Taji lilikuwa limeshapata kichwa kingine.

Uganda ilikuwa imetangulia. Sheria yake ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 ilikuja na vifungu vitatu vinavyofuatana ambavyo juujuu vinaonekana kuwa vile vile alivyovihitaji mwanamke. Cha 24 kinakataza unyanyasaji wa mtandaoni: mapendekezo machafu, vitisho vya kudhuru mwili au mali. Cha 25 kilikataza mawasiliano ya kuudhi. Cha 26 kinamtaja hasa yule anayemfuatafuata mtu. Sasa visome polepole. Ili umtie mtu hatiani kwa kifungu cha 26, lazima awe amefanya kwa makusudi, kwa nia mbaya, kwa kurudiarudia, na juu ya hayo yote awe ametoa tishio kwa lengo la kumtia mtu hofu ya usalama wake. Wanawake waliofuatwa wanajua kwamba mfuataji stadi hatishi. Huandika "umependeza leo na hiyo blauzi ya kijani". Huandika "naona umebadilisha njia ya kwenda kazini". Ukiifungia namba yake, kesho anakuja na nyingine: "Mambo? Mbona kimya?" Hakuna tusi hata moja humo, na hakuna tishio ambalo karani wa mahakama angeweza kulipigia mstari. Kwa kifungu cha 24, kinyume chake, neno moja chafu linatosha.

Neno moja chafu lilipatikana. Stella Nyanzi, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Makerere, alikamatwa Aprili 2017 baada ya kumfananisha Rais Yoweri Museveni na makalio katika Facebook. Nyuma ya tusi hilo kulikuwa na ugomvi wa maana: serikali iliahidi taulo za kike kwa wasichana wa shule, na mke wa rais, ambaye ndiye aliyekuwa waziri wa elimu, akasema fedha hazipo. Nyanzi alikaa gereza la Luzira siku 33. Septemba 2018 akaandika shairi kuhusu rais na marehemu mama yake, la lugha ambayo gazeti hili lisingeichapa. Novemba akakamatwa tena. Mashtaka: unyanyasaji wa mtandaoni na mawasiliano ya kuudhi.

Tarehe 1 Agosti 2019 mahakama ya Buganda Road ilimtia hatiani kwa unyanyasaji wa mtandaoni, na kesho yake akahukumiwa miezi 18. Hakuletwa mahakamani. Alionyeshwa kwenye skrini kutoka Luzira, na hukumu ilipokuwa ikisomwa alifunua matiti yake mbele ya kamera. Ukumbini watu walipiga mayowe, chupa ikarushwa kuelekea kwa hakimu. Katika jamii nyingi za Afrika mama akifanya hivyo mbele ya wakubwa ni laana, na wote waliokuwamo walielewa. Februari 2020 Mahakama Kuu ilimwachia ikisema mahakama ya chini haikuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi ile. Alikuwa amebakiza muda mfupi tu.

Mtu aweza kusema Nyanzi alitukana kweli, tena tusi zito. Alitukana. Lakini aliyeandikwa kuwa mnyanyaswa katika kesi ya kifungu cha 24 iliyovuma kuliko zote ni amiri jeshi mkuu, na mnyanyasaji ni mwanamke mwenye akaunti ya Facebook. Mwaka 2014 katika nchi hiyo hiyo picha za utupu za mwanamuziki mmoja zilisambazwa bila ridhaa yake, naye waziri wa maadili, Simon Lokodo, akataka akamatwe yeye aliyepigwa picha, kwa Sheria ya Kuzuia Ponografia iliyokuwa imetiwa saini mwanzoni mwa mwaka. Vifungu vikuu vya sheria hiyo vilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Agosti 2021. Januari 2023 mahakama hiyo ikabatilisha na kifungu cha 25 cha ile Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta.

Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Kifungu chake cha 23 kinadai ithibitishwe kwamba mtumaji alikusudia kulazimisha, kutisha, kusumbua au kumtia mtu majonzi. Kusudio li moyoni mwa mtumaji. Anayefuatwa hana ufunguo wa huko.

Turudi Kenya, lakini tupitie London kwanza. Uingereza kwenyewe walikuwa wamepata fikra nyingine mwaka 1997, katika Sheria ya Kukinga Watu dhidi ya Unyanyasaji. Humo jaji haangalii neno, anaangalia mwenendo: mtu amerudia nini, na je, alijua au alipaswa kujua kwamba anamsumbua mwenzake. Hapo swali limehama kutoka kwenye waya kwenda kwa mtu. Kenya ilipoandika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, iliyotiwa saini tarehe 16 Mei 2018, kifungu cha 27 kilikuja na maneno hayo ya "alijua au alipaswa kujua", lakini kikaacha sharti la kurudia. Ujumbe mmoja watosha. Na katika aya ya (c), yale maneno ya 1935 ambayo Jaji Ngugi aliyazika miaka miwili tu nyuma, "wa aibu au wenye kuchukiza mno", yameketi kama hayakuwahi kufa.

Adhabu ya kifungu cha 27 ni hadi shilingi milioni 20 au miaka 10 jela. Fungua kurasa chache mbele, kifungu cha 37, kinachohusu kusambaza picha za faragha za mtu: hadi shilingi 200,000 au miaka 2. Anayesambaza picha za utupu za msichana wa chuo ana bei ndogo mara mia kuliko anayeandika neno la kumchukiza mheshimiwa. Sidhani kama kuna mbunge aliyekaa akapanga iwe hivyo. Ilitokea tu, kwa sababu wanaoketi mezani wakati sheria inaandikwa ni watu wanaotukanwa. Wanaofuatwa hawaketi hapo.

Tarehe 29 Mei 2018, kwa ombi la chama cha wanablogu, Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26 vya sheria hiyo, vya 27 na 37 vikiwamo. Wanablogu waliogopa kunyamazishwa, na hofu yao ilikuwa ya haki. Mpaka Jaji James Makau alipolitupa ombi hilo tarehe 20 Februari 2020, karibu miezi 21 ilipita bila hata kile kifungu cha shilingi 200,000.

Sheria ilipoanza kutumika yote, tuliona ilikoelekea. Mei 2025 Rose Njeri, mtaalamu wa programu, alikamatwa kwa kutengeneza ukurasa uliowasaidia wananchi kutuma barua pepe bungeni kuupinga Mswada wa Fedha. Alilala rumande siku nne, sikukuu ya Madaraka ikiwamo, akashtakiwa kwa kuingilia mifumo ya kompyuta. Juni 20 hakimu aliyatupa mashtaka. Oktoba mwaka huo Bunge likakiongezea kifungu cha 27 maneno mengine, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu zake.

Wakati huo huo, kaunta ya kituo cha polisi ipo kama ilivyokuwa. Mwanamke anafika na simu mkononi. Anaandikiwa namba ya OB, kitabu cha matukio. Anaulizwa kama huyo jamaa ni mpenzi wake. Anaambiwa akachapishe zile jumbe kwenye karatasi, na hakuna anayemwambia kwamba karatasi hizo, zikifika mahakamani bila cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, wakili wa upande wa pili atazikataa kabla hazijasomwa. Akirudi nyumbani anafuta kila kitu, kwa sababu hataki kukiona tena.

Usifute. Na kabla hujakata tamaa na kifungu cha 27, soma vifungu vyake vidogo, ambavyo magazeti hayaviandiki kwa kuwa havina milioni 20 ndani. Vinamruhusu anayesumbuliwa, au mtu mwingine kwa niaba yake, kwenda mahakamani kuomba amri ya kumzuia msumbuaji aliyeshtakiwa, hata nje ya saa za kazi. Mahakama inaweza kutoa amri ya muda, na inapaswa kuliamua ombi ndani ya siku 14. Inaweza pia kuiamuru kampuni ya simu itaje jina la mwenye namba. Mwambie wakili aombe amri hizo.