Filamu bubu za mapenzi: Lugha ya uso iliyoteketea

KABLA ya sauti kuingia katika sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, wapenzi wa filamuni walitongozana bila kusikika. Maneno machache yaliandikwa kwenye vibao vilivyoonyeshwa kati ya picha. Mengine yote yalisemwa kwa macho, mabega na vidole. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Filamu hizi zilionyesha kwamba hayahitaji hata kutamkwa.

Hebu tutazame ‘Girl Shy’ ya mwaka 1924. Harold Lloyd anaigiza mwanagenzi wa fundi cherehani, mwenye kigugumizi na anayewaogopa wanawake, ila ameandika kitabu cha kuwafunza wanaume kutongoza! Kigugumizi katika filamu isiyo na sauti? Naam. Mtazamaji hukiona: midomo inatetemeka, shingo inakaza, neno linagoma. Anapofika harusini ili mpenzi wake asiolewe na laghai mwenye mke, ulimi unamfunga kabisa. Basi anambeba bi harusi na kuondoka naye. Tunacheka, lakini tunamwonea huruma papo hapo.

Mbona basi filamu za aina hii ni adimu? Zilirekodiwa kwenye utepe wa nitreti, ambao huoza na kushika moto upesi. Mwaka 1937, ghala la kampuni ya Fox mjini Little Ferry, New Jersey, liliteketea. Isitoshe, sauti ilipokuja, wenye filamu waliona hizi za kale hazina soko. Nyingine ziliyeyushwa ili fedha iliyomo, yaani madini, ipatikane. Mwaka 2013, Maktaba ya Bunge la Marekani ilieleza kuwa kati ya filamu ndefu takriban 11,000 za nchi hiyo za mwaka 1912 hadi 1929, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la awali.

‘Flaming Youth’ ya 1923, iliyompa umaarufu Colleen Moore, imebaki kipande tu. ‘It’ ya Clara Bow (1927) ilidhaniwa imepotea hadi nakala ilipopatikana Prague miaka ya 1960. Lloyd, kwa upande wake, alimiliki filamu zake na kuzitunza.

Hasara hii ni ya lugha pia. Hadithi ya filamu iliyopotea twaweza kuisoma katika magazeti ya wakati huo. Lakini namna mwigizaji alivyoinua jicho akakubali kuposwa, hilo halina muhtasari. Utepe ukiungua, limekwenda.