Kariakoo: Mtaa Uliojengwa kwa Mabega

Ndugu wana Makete, wengi wetu tuliposhuka Dar es Salaam mara ya kwanza tulifikia Kariakoo. Ni vema tukaijua historia ya mtaa huu unaotulisha.

Jina lake limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi hao waliwekwa kambini hapa. Walikuwa watu wa vijijini, wengi wao wamechukuliwa kwa nguvu, wabebe chakula na risasi za vita visivyowahusu. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Maradhi na njaa viliwamaliza kuliko risasi.

Vita vilipokwisha, kambi ikawa mji. Soko lilifunguliwa mwaka 1923, na watu wa bara na wa pwani wakapanga chumba kimoja kimoja katika nyumba za Kiswahili. Ugenini hakuna ukoo, kwa hiyo waliotoka sehemu moja waliungana kuzikana na kuuguzana. Chama chetu ni mjukuu wa vyama hivyo. Yanga (1935) na Simba (1936) ni watoto wa mitaa hii, na hapo kando, barabara ya Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Soko kuu lenye paa la miavuli ya zege lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Biashara ilipolegezwa miaka ya 1980, nyumba za chini zilianza kupisha maghorofa. Vijana wetu wakaingia: kwanza kutembeza bidhaa mkononi, kisha meza, kisha fremu. Leo wateja wanatoka hadi Zambia na Kongo.

Lakini Kariakoo haina dhamana. Julai 2021 moto uliunguza soko kuu. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka na kuua watu wakiwa kazini. Mtaji wa miaka ishirini unaweza kwisha kwa siku moja.

Ndiyo maana tunawaomba mchangie bweni la wasichana mwaka huu. Fremu ni ya kupanga. Bweni litabaki letu. Wapagazi wa kwanza walibebeshwa mzigo wa wengine. Huu wa kwetu tunaubeba kwa hiari, na unaelekea nyumbani. Karibuni tuchangie.