Fedha za wazee na wenye ulemavu: Pangani ya Kibaha na Unguja hazipimwi kwa kipimo kimoja

MZEE wa miaka 74 anayeishi peke yake katika Kata ya Pangani, Mji wa Kibaha, na mwenzake wa umri huo huo anayeishi Unguja, wote ni raia wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Hata hivyo, inapofika siku ya kupokea fedha za Serikali, njia zao huachana.

Pangani inayozungumziwa hapa ni kata ya Mkoa wa Pwani, takriban kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, na si mji mkongwe wa Mkoa wa Tanga wenye jina hilo. Mzee wa kata hii asiye na pensheni ya kazi hana haki ya kulipwa kwa sababu ya umri wake pekee. Anachoweza kutarajia ni kuingizwa katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), na mpango huo hutazama umaskini wa kaya, si miaka ya mtu.

Mwenzake wa Unguja anaweza kuingia katika mpango huo huo, kwa kuwa TASAF hufanya kazi pande zote mbili za Muungano. Lakini juu yake ana fungu la pili. Aprili 2016, chini ya Rais Ali Mohamed Shein, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii ya Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, awe maskini au tajiri, aliyewahi kuajiriwa au mkulima. Kiwango hicho kilipandishwa hadi Sh 50,000 katika utawala wa Rais Hussein Ali Mwinyi.

Utaratibu wa serikali moja kuongeza fedha juu ya zile za nyingine si mgeni duniani. Nchini Marekani, tangu Januari 1974 serikali ya shirikisho hulipa kima cha chini kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea, wasioona na watu wenye ulemavu ambao kipato chao ni kidogo. Majimbo mengi huongeza fungu lao juu ya kima hicho. California ni miongoni mwa yanayoongeza, Mississippi haiongezi. Hivyo watu wawili wenye ulemavu unaofanana hupata fedha tofauti kwa sababu ya mpaka wa jimbo tu. Tanzania haina majimbo ya namna hiyo, ila ina serikali mbili, na ustawi wa wazee si jambo la Muungano.

Kibaha ilikuwa darasa

Jambo ambalo halikumbukwi sana ni kwamba utaratibu wa kuwapa wazee fedha taslimu ulijaribiwa kwanza hapa hapa Kibaha. Mwaka 2010 TASAF ilianza majaribio ya kuhawilisha fedha kwa kaya maskini katika wilaya tatu: Kibaha, Bagamoyo na Chamwino. Vijiji 80 vilihusishwa katika utafiti wake, 40 vikianza kulipwa na 40 vikisubiri ili matokeo yalinganishwe.

Katika majaribio hayo mzee alihesabiwa kama mtu kamili. Kila mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea alitengewa kiasi cha dola 6 za Marekani kwa mwezi, na kila mtoto dola 3. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili. Sharti la mzee lilikuwa jepesi: kufika katika kituo cha afya angalau mara moja kwa mwaka.

Tathmini iliyofuata ilionyesha kuwa fedha hazikuishia katika ulevi, kama walivyohofu wengi. Kaya zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, watoto walinunuliwa viatu, na wengine waliongeza mifugo, hasa kuku.

Mpango ulipozinduliwa kitaifa mwaka 2012 na Rais Jakaya Kikwete, hesabu ilibadilika. Ruzuku ya msingi iliwekwa kuwa Sh 10,000 kwa kaya kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa Sh 4,000, na nyongeza nyingine zilifuata mahudhurio ya kliniki na shule, hadi kufikia kilele cha Sh 38,000. Mstari wa mzee aliyekuwa akihesabiwa peke yake haukuwamo tena.

Maana yake ni hii. Bibi aliyelea wajukuu watatu wanaosoma aliweza kupata nyongeza kupitia kwao. Bibi asiye na mjukuu nyumbani alibaki na Sh 10,000, yaani Sh 120,000 kwa mwaka mzima. Jirani mwenye nguvu, katika maeneo yaliyokuwa na ajira za muda za TASAF, aliweza kuilipia kaya yake siku 60 za kazi kwa Sh 2,300 kwa siku, jumla Sh 138,000. Kwa maneno mengine, aliyeweza kubeba jembe aliongezewa kwa kazi ya miezi michache zaidi ya kile alichopewa mkongwe huyo kwa mwaka. Ni vigumu kuona hekima ya hesabu hiyo.

Katika miaka hiyo, mzee wa Unguja aliyeishi peke yake, aliyekuwamo TASAF na aliyetimiza miaka 70, aliweza kukusanya Sh 30,000 kwa mwezi: mara tatu ya yule wa Kibaha.

Kipindi cha pili cha mpango, kilichozinduliwa na Rais John Magufuli Februari 2020, kilijaribu kuziba pengo hilo. Kaya zisizo na mtu wa kufanya kazi zilitambuliwa kama kundi la kusaidiwa moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza kaya yenye mtu mwenye ulemavu ilipewa nyongeza yake.

Halmashauri huongeza nini?

Upande wa Bara, sehemu iliyo karibu zaidi na nyongeza ya jimbo ni mfuko wa halmashauri. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri, Mji wa Kibaha ukiwamo, hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023 baada ya kasoro kubwa kuibuliwa, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Lakini huo ni mkopo, hata kama hauna riba. Mwenye ulemavu anayeweza kuendesha biashara hunufaika. Asiyeweza kuinuka kitandani hanufaiki. Nao wazee hawana fungu lao katika asilimia hizo.

Wanachopewa wazee wasio na uwezo ni ahadi ya matibabu bila malipo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na halmashauri zimekuwa zikitoa vitambulisho kwa ajili hiyo. Kitambulisho humfikisha mzee mbele ya daktari. Hakimnunulii unga, wala hakimlipii nauli ya kutoka Pangani hadi Hospitali ya Tumbi.

Wazo la pensheni kwa wazee wote wa Bara si geni. Mwaka 2010 Wizara ya Kazi na shirika la HelpAge International walitoa utafiti uliopendekeza hatua hiyo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee takriban milioni 2.5 nchini, na ukubwa wa idadi hiyo ndio hutajwa kila suala la gharama linapozuka. Zanzibar, yenye watu wachache, ilianza na umri wa miaka 70. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa Sh 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa waliofikia umri huo, wakati Uganda iliyoanza mwaka 2010 kwa wilaya chache ilipanua mpango wake nchi nzima kwa wenye miaka 80 pekee.

Pensheni ya Zanzibar nayo ina mipaka. Hutazama umri tu, hivyo kijana wa Unguja mwenye ulemavu mkubwa hana chake humo mpaka afike miaka 70. Pia imefungamanishwa na ukaazi. Mzee wa Pemba anayehamia Kibaha ili atunzwe na mwanawe huvuka maji akiwa raia yule yule, lakini fungu lake hubaki ng'ambo, na akifika Pangani huanza upya kusubiri mkutano wa mtaa umtaje miongoni mwa kaya maskini.