Hirizi ya simba na vitabu vya Wayunani

Mwanzoni mwa karne ya 14, huko Montpellier, mji wa kusini mwa Ufaransa uliosifika kwa shule yake ya tiba, wagonjwa wa figo walitibiwa kwa bamba la madini lililochongwa picha ya simba. Bamba hilo lilitengenezwa kwa kufuata majira ya nyota, na walioliamini walisema kwamba nguvu za buruji ya Simba hushuka zikakaa ndani yake. Matabibu wa Kiyahudi nao waliitumia dawa hiyo. Abba Mari, mwanachuoni wa ukoo wa Lunel, mji wa jirani, alichukizwa. Kwake ile ilikuwa hirizi tupu na ibada ya sanamu iliyovikwa joho la utabibu. Akaandika barua Barcelona kumwuliza rabi aliyeheshimiwa kuliko wote wa zama hizo, Solomon ibn Adret, na hoja alizozitanguliza alizitoa kwa Maimonides, mwanafalsafa.

Jibu la Barcelona lilimshangaza. Ibn Adret hakuona kosa katika bamba la simba, maana mwalimu wake Nahmanides aliwahi kuliruhusu.

Tukio hili linafaa kukumbukwa na yeyote anayetaka kuelewa ugomvi mkubwa uliofuata. Abba Mari, aliyeitetea akili dhidi ya hirizi, ndiye aliyeongoza kampeni ya kuwazuia vijana wasisome falsafa. Ibn Adret, aliyeiruhusu hirizi, ndiye aliyetia saini marufuku yenyewe mwaka 1305. Kisa cha Wayahudi wa zama za kati na falsafa husimuliwa mara nyingi kama vita kati ya wenye akili na wenye imani, lakini waliopigana vita hivyo hawakujipanga hivyo hata kidogo. Pande zote mbili zilikuwa za mabingwa wa Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale juu ya sheria, na pande zote mbili zilimsoma mtu yuleyule.

Mtu huyo, Maimonides, alizaliwa Cordoba, Andalusia, yapata mwaka 1138. Waarabu walimwita Musa ibn Maimun. Akiwa bado mtoto, mji wake ulitwaliwa na utawala mpya wa Al-Muwahhidun, na jamaa yake wakaanza safari ndefu iliyowapitisha Fez na Akka hadi Misri, wakatua Fustat, karibu na Cairo. Mdogo wake David alikuwa mfanyabiashara, na barua aliyomwandikia kaka yake kutoka bandari ya Aidhab katika Bahari ya Shamu, akijiandaa kuvuka kwenda India, ipo hadi leo. David alizama katika Bahari ya Hindi pamoja na mali yake na amana za watu wengine. Maimonides aliugua kwa majonzi karibu mwaka mzima, kisha akaishi kwa utabibu, hata akawa tabibu wa al-Qadi al-Fadil, waziri wa Sultani Salahuddin.

Kati ya wagonjwa na barua zisizokwisha aliandika vitabu viwili vilivyoutikisa ulimwengu wa Kiyahudi. Cha kwanza, Mishneh Torah, alikikamilisha yapata 1178: juzuu 14 kwa Kiebrania safi, zikipanga sheria yote ya Kiyahudi bila kumchosha msomaji kwa mabishano ya Talmudi. Cha pili, Mwongozo wa Waliotatizika, alikimaliza yapata 1190 kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Hiki alimwandikia mwanafunzi wake Joseph, na kupitia kwake kila mtu aliyeielewa Taurati na kumwelewa Aristotle, kisha akashindwa kuvipatanisha.

Maimonides hakuwa wa kwanza kuigusa falsafa. Saadia Gaon, kiongozi wa chuo cha Sura nchini Iraki, alikwishaandika kitabu cha imani kwa hoja za kiakili mwaka 933. Wala Wayahudi hawakuwa peke yao katika mvutano huu. Al-Ghazali, jina linalofahamika vyema kwa waliosoma madrasa za mwambao wetu, aliwashambulia wanafalsafa mwishoni mwa karne ya 11. Ibn Rushd, naye mzaliwa wa Cordoba, alimjibu, na mwaka 1195 akafukuzwa mjini mwake. Kule Paris, mwaka 1277, askofu Étienne Tempier alizilaani kauli 219 zilizokuwa zikifundishwa na wafuasi wa Aristotle. Dini tatu zilikuwa zinahangaika na vitabu vilevile.

Hata hivyo Maimonides alikwenda mbali. Alifundisha kwamba Mungu hana mwili wala umbo, na kwamba anayeamini kinyume chake ni mzushi. Abraham ben David wa Posquières, mkosoaji wake mkali, hakusema kwamba Mungu ana mwili. Alichokataa ni kuwaita wazushi watu wema, tena wengine wakubwa kuliko Maimonides, waliokosea kwa kuyasoma maandiko kama yalivyo. Wengine walimshuku juu ya ufufuo wa wafu, kwa kuwa alizungumza mno juu ya roho na kidogo mno juu ya miili, hata ikambidi mwaka 1191 aandike risala nzima kujitetea. Wengine walishtuka kusoma katika Mwongozo kwamba sadaka za wanyama ziliamriwa kwa sababu Waisraeli wa kale walizoea ibada za namna hiyo na wasingeweza kuziacha ghafla. Kama kila amri ina sababu yake ya kihistoria, waliuliza, itakuwaje siku sababu hiyo ikiondoka?

Maadamu Mwongozo ulikuwa kwa Kiarabu, moto ulikuwa mbali na Ulaya ya Kikristo. Samuel ibn Tibbon aliuleta. Aliutafsiri Mwongozo kwa Kiebrania na kumaliza mwishoni mwa Novemba 1204, wiki mbili tu kabla ya Maimonides kufariki. Sasa mtu wa Provence, huko kusini mwa Ufaransa, aliyelelewa juu ya Talmudi peke yake aliweza kukutana na Aristotle katika lugha ya sala zake.

Mlipuko ulikuja mwaka 1232. Solomon ben Abraham, mwalimu wa Talmudi mjini Montpellier, pamoja na wanafunzi wake wawili, David ben Saul na Jonah wa Girona, waliwashawishi marabi wa kaskazini mwa Ufaransa wautie Mwongozo marufuku, pamoja na juzuu ya kwanza ya Mishneh Torah, ile yenye mafunzo ya kifalsafa. Atakayevisoma atengwe na jamii. Jumuiya za kusini zilijibu kwa silaha hiyohiyo: Lunel na Narbonne, na hatimaye Zaragoza na miji mingine ya Aragon, zikamtenga Solomon na wanafunzi wake. Mzee David Kimhi, mfafanuzi mashuhuri wa Biblia aliyekuwa na miaka zaidi ya 70, alifunga safari hadi Hispania kutafuta saini za kumtetea Maimonides. Aliugua njiani, huko Avila, na tabibu Judah Alfakhar wa Toledo, ambaye Kimhi alimwandikia akitarajia msaada, alimjibu kwa ukali kwamba Taurati na hekima ya Wayunani haziwezi kupatanishwa.

Kati yao alisimama Nahmanides wa Girona, na kwangu yeye ndiye aliyekuwa na busara kuliko wote. Aliwaandikia marabi wa kaskazini kwamba hawajui hali ya watu wa kusini. Huko vijana walikuwa wameshaingia katika elimu ya Wayunani, na Maimonides ndiye aliyewashika mkono wakabaki ndani ya dini. Kwa hiyo, badala ya marufuku, alipendekeza masomo yapangwe kwa kadiri ya umri na uwezo wa mtu. Hakusikilizwa na upande wowote.

Kilichofuata kinauma hadi leo. Yapata mwaka 1233 vitabu vya Maimonides vilichomwa moto Montpellier na viongozi wa Kanisa, waliokuwa wakiwasaka wazushi wa Kikristo katika eneo hilo. Habari za tukio hili zimetufikia kupitia barua za watetezi wa Maimonides, nao walidai kwamba Solomon na watu wake ndio waliokwenda kushtaki. Barua hizo zinasimulia pia kwamba washtaki walikatwa ndimi. Mwaka 1242 ikaja zamu ya Talmudi yenyewe: magari 24 ya miswada yakateketezwa Paris. Kizazi kimoja baadaye Hillel wa Verona aliyasimulia matukio hayo kana kwamba yalipishana kwa siku 40 tu, la pili likiwa adhabu ya la kwanza. Akaongeza kwamba Jonah wa Girona alitubu hadharani katika masinagogi na kuapa kwenda Tiberias kuomba radhi kaburini kwa Maimonides. Jonah hakufika. Alibaki Toledo akifundisha hadi kifo chake katika miaka ya 1260.

Mmoja wa wanafunzi wa Jonah alikuwa Solomon ibn Adret, ambaye pia alisoma kwa Nahmanides. Pengine ndiyo maana, barua za Abba Mari zilipoanza kumiminika, hakuwa na haraka.

Montpellier ya mwaka 1303 haikuwa tena ile ya 1232. Katika miaka 70 ukoo wa Tibbon na wenzao walikuwa wamevitia katika Kiebrania vitabu vingi vya Aristotle pamoja na sherehe za Ibn Rushd. Jacob Anatoli, mkwe wa Samuel ibn Tibbon, alizoea kuhubiri falsafa siku za Sabato mpaka wapinzani wakamnyamazisha. Sasa zilienea habari za wahubiri waliofundisha kwamba Ibrahimu na Sara ni mfano wa umbo na maada, kwamba wafalme wanne waliopigana na watano ni asili nne zinazoshindana na milango mitano ya fahamu, na kwamba makabila 12 ya Israeli ni buruji 12 za mbinguni. Levi ben Abraham, mwalimu maskini aliyehamahama akitafuta riziki kwa kufundisha, alibebeshwa lawama nyingi za namna hiyo, hata mwenyeji wake wa Narbonne akashinikizwa amtoe nyumbani.

Mwaka 1304 Abba Mari aliileta barua kutoka Barcelona, iliyotaka vijana wazuiwe kusoma falsafa, isomwe katika sinagogi la Montpellier. Jacob ben Makhir, wa ukoo wa Tibbon, alisimama kupinga. Huyu hakuwa mtu wa kupuuzwa: alikuwa mnajimu aliyebuni aina mpya ya chombo cha kupimia nyota, na karne mbili baadaye Copernicus angemtaja kwa jina lake la Kilatini, Profatius. Mji uligawanyika. Wengi waliona kwamba Barcelona haina mamlaka ya kuwaamulia watu wa Montpellier watakachowafundisha watoto wao.

Mwishoni mwa Julai 1305 ibn Adret na wenzake waliitangaza marufuku katika mji wao wenyewe. Kwa muda wa miaka 50, hakuna mtu wa jumuiya yao aliye chini ya umri wa miaka 25 atakayesoma vitabu vya Wayunani juu ya elimu ya maumbile au juu ya Mungu. Tiba haikuguswa, kwa kuwa Taurati inamruhusu mganga kuganga. Vitabu vya Maimonides havikuguswa pia. Mwandishi aliyepigwa marufuku mwaka 1232 sasa alikuwa juu ya ugomvi, na wale waliokuwa wakijenga ua walitumia mbao zake: yeye mwenyewe alikwisha kuonya katika Mishneh Torah kwamba mtu asiingie katika elimu ya mambo ya Mungu kabla hajashiba mkate na nyama, yaani kabla hajazijua vyema halali na haramu.

Upande wa pili ulijibu kwa marufuku yake dhidi ya yeyote atakayemzuia mwanawe kusoma. Mshairi Yedaiah wa Béziers alimwandikia ibn Adret barua ndefu yenye adabu na uthabiti. Alimweleza kwamba falsafa ndiyo iliyowaondolea watu wa Provence fikra ya Mungu mwenye mwili, na kwamba hata Yoshua bin Nuni angerudi na kuwakataza vitabu vya Maimonides, wasingemtii. Menahem Meiri wa Perpignan, ambaye sherehe zake za Talmudi bado zinasomwa, naye alikataa kumuunga mkono Abba Mari.

Ugomvi haukuisha kwa hoja. Tarehe 22 Julai 1306, siku moja baada ya saumu ya kukumbuka kubomolewa kwa Hekalu, Mfalme Filipo wa Nne aliwakamata Wayahudi katika himaya yake ya Ufaransa, akataifisha mali zao na kuwafukuza. Wanafalsafa na wapinzani wao walikwenda uhamishoni pamoja. Abba Mari alipita Arles, akaishia Perpignan, mji uliokuwa chini ya mfalme wa Majorca, na huko akakusanya barua za pande zote mbili katika kitabu kimoja, Minhat Kenaot. Bila kazi hiyo tungejua machache mno, na inampa heshima kwamba majibu ya wapinzani wake hakuyaficha.

Mwaka ule wa marufuku, Levi ben Gershom wa Bagnols alikuwa kijana wa takriban miaka 17, umri hasa uliomtia hofu ibn Adret. Aliishi Provence, ambako amri ya Barcelona haikumfikia. Alikua akaandika juu ya hesabu na nyota, akaeleza fimbo ya kupimia pembe ambayo mabaharia walikuja kuitumia, na mwaka 1329 akamaliza Vita vya Bwana, kitabu cha falsafa chenye ujasiri kuliko Mwongozo. Ndani yake alishikilia kwamba ulimwengu uliumbwa kutokana na maada isiyo na umbo. Mtu huyohuyo aliandika sherehe za Biblia ambazo Wayahudi wamezisoma kwa karne nyingi. Ukitaka kuona ni kitu gani marufuku ile ingezuia kama ingeheshimiwa kote, mwangalie yeye.

Suala liliibuka tena Poland katika karne ya 16. Rabi Solomon Luria alimkaripia jamaa yake, Rabi Moses Isserles wa Kraków, kwa kumnukuu Aristotle, na akalalamika kwamba ameona sala ya Aristotle imeandikwa katika vitabu vya sala vya wanafunzi. Isserles alijibu kwamba alichokijua alikipata kwenye vitabu vya Maimonides na wenzake, na kwamba alivisoma siku za Sabato na sikukuu, wakati wengine wako matembezini. Baadaye, katika maelezo yake juu ya Shulhan Arukh, kanuni ya sheria ambayo Wayahudi wengi wanaifuata hadi leo, aliandika kwamba inaruhusiwa kusoma elimu nyingine mara mojamoja, mradi si vitabu vya wazushi, na mradi msomaji ameshiba kwanza sheria. Sharti hilo la shibe ni la Maimonides. Umri wa miaka 25 hakuutaja.